Dakika Hamsini za Jumapili

Tarehe 8 Mei

Ndugu Mteja Nambari Kumi na Nne,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni msimamizi wa mafunzo katika kliniki ya afya ya akili. Nakuandikia bila kutaja jina lako kwa sababu ya usiri.

Mwanasaikolojia mtarajali aliyekuhudumia kwa simu mwaka jana yuko hatua ya mwisho. Alisoma shahada ya kwanza miaka minne na ya pili miaka miwili, na kwa miaka miwili iliyofuata amefanya kazi hapa chini ya uangalizi wangu. Kabla Baraza la Wanasaikolojia halijampa leseni, ni lazima awe ametimiza saa mia sita za kukaa na wateja, nami nizithibitishe kwa sahihi yangu. Kikao kimoja cha dakika hamsini huhesabiwa saa moja. Saa zote ameziandika kwenye daftari, na mimi huchagua wateja watano kutoka kwenye daftari hilo nikawaandikia. Wewe ni mmoja wao.

Naomba unijibu maswali matatu kabla ya tarehe 15 Juni. Je, ulihudumiwa na mtarajali huyu? Je, ni kweli kwamba mlikuwa na vikao thelathini na nane, kila Jumapili, vya dakika hamsini kila kimoja? Je, kuna undugu wowote kati yenu? Swali la tatu huulizwa kila mteja, kwa kuwa maadili ya kazi yetu hayamruhusu mtaalamu kumhudumia ndugu yake.

Una haki ya kuomba muhtasari wa jalada lako. Ukiutaka, nitautuma kwa anwani hii hii.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa Mafunzo


Tarehe 14 Mei

Profesa,

Jumapili iliyopita ulipiga, nikaiacha simu ilie mpaka ikachoka. Kuanzia leo ukiwa na neno, andika. Karatasi haina dakika hamsini.

Nimepata barua ya bosi wako. Imekuja ofisini kwetu, Idara ya Maji, nikaifungua mbele ya wasoma mita wenzangu wote nikidhani ni jibu la likizo yangu. "Ndugu Mteja Nambari Kumi na Nne." Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea anwani. Mara ya pili nikafika pale penye Jumapili, nikavuta kiti nikakaa. Mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa.

Kwa hiyo mimi ni mteja wako! Mimi niliyekufunga kamba za viatu siku yako ya kwanza ya shule. Mimi niliyegeuka mama tangu mama alipotuacha, wewe ukiwa na miaka tisa. Hilo jina la Profesa nilikupa mimi, kwa sababu ulikuwa ukiona mtu mzima analia barabarani unamfuata kumuuliza kwa nini. Nilicheka wakati ule. Sikujua kwamba siku moja utakuwa unajaza fomu.

Unajua mimi nilidhani nini? Mume wangu alipohama akaenda kukaa na yule mwanamke, mtaa wa tatu kutoka kwangu, ulianza kunipigia. Mwanzoni tulikuwa tunaongea mpaka simu inachemka sikioni. Halafu tangu Machi ikawa Jumapili, saa moja kamili ya jioni, na ikifika dakika ya hamsini unasema, "Dada, inabidi tuishie hapa kwa leo." Nilikuuliza kwa nini. Ukasema kifurushi kinaisha. Nikakuamini! Nikawa najipanga kabla hujapiga: mazito naanza nayo, ya kuchekesha nayaweka mwisho, ili kifurushi cha mdogo wangu kisiishe sijafika penyewe. Nilikuwa nakuonea huruma, mtoto wa watu, unatumia kifurushi chako chote kwa dada yako. Na Desemba, daftari lilipojaa, Jumapili zangu zikafa. Januari ulipiga mara mbili tu. Nilisema una mitihani, nikakuombea.

Kazi yangu unaijua. Nyumba mia nne kwa mwezi, kwa miguu, hata mbwa wamechoka kunibwekea. Wapo wenzangu waliokuwa wanakaa mgahawani wakajaza namba za mita ambazo hawajaziona. Mmoja nilimripoti mwenyewe mwaka juzi, akafukuzwa, mkewe akanitukana sokoni. Nilipokusimulia ulisema nimefanya vizuri, kazi isiyo na uaminifu si kazi. Sasa niambie na wewe, ulikuwa umekaa mgahawa gani?

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwandikia bosi wako aniletee huo muhtasari. Maswali yake matatu nitayajibu nikishausoma, na kalamu iko kwangu.

Dada yako, kama hilo linajibu swali la tatu


Tarehe 21 Mei

Mpendwa Dada,

Asante kwa kuniandikia na kwa kuwa wazi kuhusu unavyojisikia. Nasikia hasira katika barua yako, na chini ya hasira hiyo nasikia maumivu ya mtu anayehisi ametumiwa. Hisia hizo ni halali.

Ningependa kutoa ufafanuzi. Katika kazi hii wateja wengi huahirisha miadi na wengine hawaji kabisa. Unakaa katika chumba chenye viti viwili na boksi la tishu ukisubiri, na saa ya kusubiri haihesabiwi. Ndivyo nilivyojikuta niko nyuma mwaka jana. Kipindi hicho hicho wewe ulikuwa unapitia jambo zito, na ulikataa katakata kwenda kwa mtaalamu wa huko. Ulisema huwezi kumwambia mgeni mambo ya chumbani kwako. Niliamua kukusikiliza kwa namna niliyofundishwa. Nilijiandaa kabla ya kila simu na kuandika maelezo baada yake. Kazi niliyoifanya ilikuwa ya kweli, na mwezi wa tisa wewe mwenyewe uliniambia kwamba umeanza kulala hadi asubuhi. Ambacho sikufanya ni kukuomba ridhaa na kutamka kwamba sisi ni ndugu. Nalikubali hilo.

Jinsi ya kumjibu msimamizi ni uamuzi wako peke yako na sitaki kukushawishi. Naomba tu uelewe kwamba ukijibu swali la tatu kwa "ndiyo", Baraza linaweza kulifunga jalada langu moja kwa moja, na miaka minane itakuwa imekwenda bure. Wahenga walisema hasira hasara. Ningependa, utakapokuwa tayari, tuzungumze katika mazingira salama.

Nakuthamini,
Profesa


Tarehe 27 Mei

Mwanasaikolojia mtarajali,

Nimeisoma barua yako nikimtafuta mdogo wangu ndani yake, sikumwona. Nimemwona mtu anayesema "nasikia". Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. "Hisia hizo ni halali." Nani alikuomba kibali?

Na hiyo hasira hasara, wahenga wako walikuwa wanamwambia nani? Mimi hasara imetangulia. Hasira ndiyo imekuja kuitafuta.

Muhtasari umefika. Ukurasa mmoja, mwandiko wako ule ule wa kulala upande kama umepigwa na upepo. Nakunakilia, usije ukasema umesahau. "Mteja ni mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mtumishi wa umma, ametengana na mwenzi wake. Ana tabia ya kufuatilia maisha ya mwenzi huyo kupitia taarifa za matumizi ya maji. Hutumia mzaha kuepuka huzuni. Ana uhitaji mkubwa wa kutawala mazungumzo. Maendeleo: ya wastani."

Ya wastani! Nililala hadi asubuhi, nikaacha kupanga sahani mbili mezani, nikaitoa suruali yake nyuma ya mlango, na bado ni ya wastani!

Lakini hilo la maji ndilo lililonimaliza. Nyumba ya yule mwanamke iko kwenye eneo langu. Sikuchagua mimi. Kila mwezi lazima niiname pale ukutani kwao nisome mita, na mume wangu akinichungulia nyuma ya pazia kama mtoto aliyevunja kikombe. Miezi mitano walitumia yuniti kumi na moja, kumi na mbili. Mwezi wa sita, ishirini na tatu. Nilikagua bomba, halivuji. Nikakaa pale nimechuchumaa. Ishirini na tatu ni nepi. Tulikaa miaka kumi na tano bila mtoto, tunaambiwa tumwachie Mungu, na siku nilipojua kwamba yeye amepata hakuna binadamu aliyenijulisha. Niliona kwenye kioo cha mita. Nilikifuta kwa kitambaa nikasoma tena, nikaandika ishirini na tatu, nikaenda kugonga geti la jirani.

Jambo hilo nilikwambia wewe peke yako duniani. Shosti wangu wa ofisini hajui. Na wewe ukaenda ukaliandika "tabia ya kufuatilia". Sikumfuatilia mtu. Nilikuwa kazini!

Nilikuwa nasubiri useme neno moja. Barua yako ina "ufafanuzi", ina "ridhaa", ina "mazingira salama". Samahani haimo. Nimeitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Basi nitajibu ukweli. Swali la kwanza, hapana. La pili, hapana, yalikuwa mazungumzo ya ndugu, au nilidhani hivyo. La tatu, ndiyo, tumbo moja. Bahasha iko tayari juu ya kabati. Kama una neno la mwisho, liandike kama mtu.

Dada yako


Tarehe 3 Juni

Dada,

Haya. Kama mtu.

Samahani. Nimeitanguliza ili usihangaike kuitafuta. Sasa na wewe nisikilize, walau mara moja, kwa sababu hujawahi.

Jumapili thelathini na nane, na hakuna hata moja uliyoniuliza "na wewe je?" ukasubiri jibu. Ulikuwa unasema, "Hujambo, haya sikia," halafu hukamatiki tena. Pazia lake, gari lake, viatu vya yule mwanamke. Najua umeumia. Najua umenilea, huniachi nisahau. Kila nikitaka kusema jambo langu nakumbuka kamba za viatu, nanyamaza. Nimekuwa msikilizaji tangu nina miaka tisa kwa sababu nyumbani kwetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu wa kuumia, na nafasi hiyo ulishaikalia.

Unataka kujua kwa nini ilianza Machi? Wiki ya pili ya Machi, mteja wangu alijiua. Sitakuambia jina, wala umri, wala kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Kwetu siri ya mteja haizikwi naye, ndiyo maana sikusema kwa mtu mwaka mzima. Tulikuwa na miadi Alhamisi saa nne asubuhi. Nilikaa kwenye kiti changu nikitazama kiti chake, nikakasirika kwamba amechelewa. Nilikasirika, Dada! Nikaandika "hakufika", nikaenda kuchukua chai. Saa saba ndipo simu ilipopigwa mapokezi.

Msimamizi aliniuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa. Ningesema nini, wakati sisi ndio tunaowauliza wengine? Kwa wiki sita sikuweza kupokea mteja mpya. Kila aliyeingia nilimtazama nikijiuliza kama huyu atarudi wiki ijayo, na sikusikia neno lake hata moja. Saa zangu zilipungua hapo. Nilikuandikia kwamba ni wateja kuahirisha miadi, na huo ulikuwa uongo.

Jumapili ile nilikupigia ili nikwambie wewe, liwalo na liwe. Nilikuwa nimekaa sakafuni bafuni, mgongo kwenye mlango. Ukapokea ukasema, "Afadhali umepiga, hutaamini leo nimemwona na nani." Nikakusikiliza. Nilikusikiliza kama tulivyofundishwa: nyayo zote mbili chini, pumzi taratibu, rudia neno la mwisho la mteja. Ilipofika dakika ya hamsini nikasema tuishie hapa, kwa sababu ningeongeza moja ningepiga kelele. Nikainuka, nikafungua daftari, nikaandika saa moja. Niliandika kwa sababu ilikuwa kazi. Miaka yangu yote sijafanya kazi ngumu kama ile, na nilikuwa naifanya kwa dada yangu ambaye hata hakujua kwamba anahudumiwa!

Wiki iliyofuata nikaandika tena. Ukishavuka mara ya kwanza, ya pili haina mlango. Walipotaka anwani ya mteja niliweka yako ya kweli, kwa sababu nilikaa na kalamu nikashindwa kutunga ya uongo. Na Desemba sikuacha kupiga kwa kuwa daftari limejaa. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimechoka na wewe. Sasa umejua.

"Ya wastani" niliandika kwa hasira. Hilo la maji niliandika siku ambayo nilikuwa na homa na wewe hukuuliza kwa nini natetemeka sauti. Halikuwa haki. Ulikuwa kazini, na mimi nilijua.

Tuma bahasha yako.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Kwa Msimamizi wa Mafunzo,

Najibu maswali yako matatu.

La kwanza: ndiyo, nilihudumiwa naye. La pili: ndiyo, vikao thelathini na nane, kila Jumapili, dakika hamsini. Hakuchelewa hata siku moja. La tatu: hapana. Hatuna undugu. Namjua kwa sauti tu.

Naongeza na hili ambalo hukuliuliza. Mtarajali huyu anasikiliza hata pale ambapo mtu mwingine angekata simu. Kama kuna ambaye hakufanya sehemu yake katika vikao vile, ni mteja. Mmeandika kwamba maendeleo ya mteja ni ya wastani. Naomba isomeke hafifu.

Mpeni leseni yake.

Mteja Nambari Kumi na Nne


Tarehe 9 Juni

Dada,

Hata kama bahasha yako iko njiani, haina kazi tena. Leo asubuhi nimeingia ofisini kwa msimamizi kabla hajavua koti. Nimemwekea daftari mezani, nikafungua ukurasa, nikamwambia Mteja Nambari Kumi na Nne ni dada yangu, tumbo moja. Nikamsimulia na habari ya bafuni.

Usijisifu, sikufanya hivyo kwa ajili yako. Ungeniangusha wewe, ningekuchukia mpaka kaburini, na mimi sina dada mwingine. Nimeona afadhali nijiangushe mwenyewe. Hajasema atafanya nini. Alifunga daftari akalitia kwenye droo, akaniambia niende nyumbani.

Bado nina hasira na wewe. Nilifikiri nikisema ukweli itapungua, haikupungua.

Mdogo wako


Tarehe 16 Juni

Ndugu Dada wa Mtarajali,

Barua yako ilifika tarehe 12, siku tatu baada ya mdogo wako kuja ofisini kwangu. Nina karatasi mbili mezani. Katika moja, maelezo niliyomtaka aandike, anasema kwamba wewe ni dada yake wa tumbo moja. Katika nyingine unasema unamjua kwa sauti tu. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili na nimeona ndugu wengi wakikanana, lakini si kwa sababu kama yenu.

Nakupa habari kwa idhini yake. Saa thelathini na nane zimefutwa. Hatapata leseni mwaka huu. Baraza liliketi juzi, likamsimamisha kwa miezi kumi na miwili, na baada ya hapo atazifanya upya saa hizo pamoja na nyingine mia moja, kwa watu asiowajua. Katika muda huo na yeye atakwenda kwa mtaalamu, kama mteja. Jalada lake halikufungwa, kwa sababu alikuja mwenyewe. Barua yako ingetangulia, mngekuwa waongo wawili na nisingekuwa na la kumtetea.

Nimeomba pia apewe msimamizi mwingine. Machi ile nilimuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Palikuwa na watu wanne kwenye benchi wananisubiri. Niliandika "yuko sawa", nikamwita wa kwanza. Baraza nimelieleza hilo kwa maandishi, na sijui litanifanya nini.

Barua yako sikuiweka kwenye jalada. Nakurudishia.

Msimamizi wa Mafunzo


Tarehe 22 Juni

Profesa,

Mjinga wewe! Miaka kumi na tisa nasoma mita, sijawahi kuandika namba ya uongo, hata siku nilizonyeshewa mpaka kitabu kikavimba. Siku moja tu maishani mwangu nakaa nadanganya kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa ajili yako, na wewe kesho yake asubuhi unakimbilia kusema ukweli! Ungenijulisha basi. Bosi wako amenirudishia barua, nimeichana vipande, nikavichana na vipande.

Hasira yangu haijaisha na sitaki uniambie ni halali. Nimekukasirikia kwa daftari. Nimekukasirikia kwa hiyo "tabia ya kufuatilia", hata kama ulikuwa na homa. Lakini zaidi ya yote nimekukasirikia kwa bafuni. Umekaa sakafuni na msiba wa mtu kifuani, unaniacha naongea viatu vya mwanamke! Ungenitukana. Ungesema, "Dada, nyamaza." Ulimi Mungu alikupa wa kufanyia nini?

Halafu nimekaa nikaikumbuka Jumapili ile. Nilikuwa naanika nguo, simu nimeibana begani. Sauti yako ilikuwa imekwaruza. Nikakuuliza, "Una mafua?" Ukasema, "Ndiyo." Nikakwambia unywe maji ya moto, nikaendelea na habari zangu. Kwa hiyo umenisingizia, niliuliza. Kusubiri ndiko sikusubiri, na hilo ulilisema sawasawa.

Kazini kwetu kuna kitu kinaitwa makadirio. Ukifika ukakuta geti limefungwa na hakuna wa kukufungulia, unaruhusiwa kutazama namba ya mwezi uliopita ukaandika inayofanana nayo. Ni halali kabisa, mara moja. Mara ya pili unaulizwa. Mara ya tatu unaandikiwa barua ya onyo. Na mimi nimekukadiria Jumapili zote zile. Profesa yuko sawa, Profesa anasoma, Profesa ana mafua. Ukweli ni kwamba nimekukadiria tangu una miaka tisa, kwa sababu ulikuwa mtoto asiyelia, na mimi nilikuwa nimechoka, nikashukuru kwamba hulii. Sikwenda hata siku moja kugonga geti.

Likizo yangu imejibiwa, siku kumi. Eneo langu nimemkabidhi mwenzangu, pamoja na ile nyumba. Mwezi huu atainama yeye. Nafika kwako Jumamosi mchana na usije stendi kunipokea, nitauliza njia. Mganga hajigangi, na huyo mtaalamu wanayekupeleka kwake mpe mambo yake ya ofisini. Ya nyumbani nataka mimi.

Jumapili saa moja jioni nitakaa kwenye kiti na wewe utakaa kwenye kingine. Ukipenda sakafu ya bafuni, nitakaa na mimi huko huko, tubanane. Mimi sijui kurudia neno la mwisho la mtu wala kupumua taratibu. Nitakukatiza. Nitakuambia umekonda. Nikikukatiza niambie ninyamaze, nami nitanyamaza, hata ikiniuma. Saa ya ukutani iteremshe kabla sijafika.

Na nikikuuliza hali yako, ole wako uniambie una mafua.

Dada yako,
tumbo moja